Dondoo Muhimu: Tovuti ya Biashara Ndogo Ilongero

Jambo la kwanza katika tovuti ya biashara ndogo ni umiliki wa jina lake. Kikoa, yaani anwani kama zile zinazoishia na .co.tz, kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, si la fundi aliyeitengeneza tovuti. Nywila zote zikabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho. Fundi akihama au akikosana na mteja, anwani iliyo mikononi mwake huondoka naye, na hasara hiyo hupita ubaya wowote wa rangi au picha.

Kinachofuata ni wepesi wa kurasa. Kwa mfano, mnunuzi wa mafuta ya alizeti ya Ilongero, mkoani Singida, awe Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam, aghalabu hufungua tovuti kwa simu na kwa bando dogo la intaneti. Picha zipunguzwe ukubwa. Ukurasa wa kwanza utaje kwa Kiswahili ujazo wa dumu, bei, njia ya usafiri na namba ya simu. Bei ya alizeti hubadilika kati ya mavuno na miezi ya uhaba, hivyo mwenye biashara afundishwe kuirekebisha mwenyewe kwenye tovuti.

Tovuti ikiwa na fomu inayokusanya majina na namba za wateja, fomu hiyo inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ziombwe taarifa za lazima tu.

Mwisho, kikoa kilichotajwa mwanzoni husajiliwa kwa muda maalumu. Kisipolipiwa upya, anwani hufungwa, na baadaye mtu mwingine anaweza kuichukua.