Kumwangalia Mgonjwa Asianguke

Mgonjwa wa skizofrenia anapojikwaa kizingitini, au akateleza njiani akirudi na ndoo ya maji, jamaa zake aghalabu husema ni uzembe, au ni ulevi, au kuna pepo aliyemsukuma, ilhali sababu iliyo dhahiri zaidi ni maradhi yenyewe, dawa anazotumia na ardhi anayoikanyaga. Mkoa wetu wa Morogoro, pamoja na Kilimanjaro, ndio uliotangulia katika miaka ya 1980 kujaribu mpango wa taifa wa kuwatibu wagonjwa wa akili karibu na makwao, bila ya kuitegemea hospitali ya Mirembe kule Dodoma peke yake. Na mgonjwa akiisha kukaa nyumbani, macho ya aila yake huwa ndiyo kipimo cha kwanza.

Dawa za haloperidoli, kloropromazini, na flufenazini ya sindano inayochomwa kila baada ya majuma kadhaa, humpunguzia sauti na dhana zinazomtesa, na hiyo ni neema kubwa. Lakini huweza pia kuukaza mwili, kufupisha hatua, kuizuia mikono isicheze wakati wa kutembea, na kloropromazini hasa huteremsha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, hata akaona kiza. Haya si idhini ya kuzikatisha, maana maradhi hurejea kwa nguvu. Ni khabari za kumfikishia tabibu, ambaye ndiye mwenye kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Ili kuupima mwendo wake nyumbani, chagua wasaa ambao mgonjwa ametulia, umwombe kwa adabu wala usimlazimishe. Aketi kwenye kiti imara, ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida mita 3, ageuke, arudi, aketi, nawe ukihesabu kwa saa ya simu. Zikizidi sekunde 12, kadiri iliyowekwa kwa wazee, basi kwa kijana ni onyo kubwa zaidi. Kisha asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, nawe u karibu umdake: akishindwa kutimiza sekunde 10, miguu yake haina mizani. Mimi huthamini zaidi kuliko hesabu hizo namna anavyogeuka, kwani anayegeuka kwa vijihatua vingi, mwili mzima kama gogo, huanguka hapo hapo kwenye kugeuka.

Wakati wa masika udongo wa bonde la mto Mkondoa huwa utelezi, na njia ya chooni usiku ndiyo ya kuhadhari kuliko zote: itiwe changarawe, awe na tochi, na ndala zilizolika zibadilishwe kwa viatu vyenye kamba. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ndipo ainuke. Kwa wakazi wa Mikumi, mgonjwa asivuke barabara kuu ya malori peke yake katika siku za kwanza baada ya kuongezewa dawa.

Mkienda Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au ya Mtakatifu Kizito huko Mikumi, chukueni dawa zake zote, za miti shamba zikiwemo, mweleze ameanguka mara ngapi, saa ngapi na alikuwa akifanya nini, na muombe apimwe shinikizo la damu akiwa amelala na tena akiwa amesimama. Msingoje siku ya kliniki endapo amegonga kichwa akatapika au kusinzia, shingo imepinda na macho yamepanda juu, au ana homa kali na mwili umekakamaa.