Usuli wa Chozi la Heri: Jinsi ya Kupata Habari za Kuaminika

Katika sehemu zilizotangulia tumeshughulikia ploti, wahusika na maudhui. Sehemu hii inahusu usuli, yaani hali za kihistoria na za kijamii zinazotusaidia kuielewa kazi ya fasihi. Inakufaa kwa sababu mbili. Kwanza, utaisoma riwaya kwa undani zaidi. Pili, baada ya mtihani wa KCSE wengi wenu mtajiunga na vyuo, na huko mhadhiri atakutaka uandike tasnifu fupi ya utafiti. Hatakuuliza tu unajua nini. Atakuuliza umekijuaje.

Tuseme unasoma katika shule moja mjini Kitengela. Mwalimu amewapa kazi ya likizo: "Andika kurasa tatu kuhusu usuli wa vurugu na ukimbizi katika Chozi la Heri." Unafungua simu na kupata kurasa nyingi. Moja inasema waliofurushwa makwao nchini Kenya mwaka wa 2008 ni 350,000. Nyingine inasema ni zaidi ya 600,000. Ya tatu, iliyosambazwa katika kikundi cha WhatsApp, haitaji idadi yoyote bali inalaumu jamii moja kwa kila kitu. Utaandika ipi?

Usichukulie swali hili kuwa dogo. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 687,312 katika sensa ya 2009. Katika sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Wengi wametoka pembe zote za nchi. Huenda mwenzako wa dawati moja ana jamaa aliyechomewa nyumba. Ukisoma mbele ya darasa habari ya uongo inayolaumu jamii yake, hutakuwa umekosa alama tu, bali utakuwa umemuumiza mtu.

1. Anza na kitabu

Kabla ya kutafuta lolote nje, isome riwaya ukiwa na kalamu mkononi. Jiulize: ni mambo gani kitabuni yanayohitaji maelezo ya nje? Katika riwaya hii ya Assumpta K. Matei utapata angalau matatu:

(a) Vurugu zinazozuka baada ya uchaguzi. Ridhaa anapoteza familia na makao yake, kisha anajipata miongoni mwa wakimbizi katika Msitu wa Mamba.
(b) Ardhi. Jamaa za Ridhaa walihamia Msitu wa Heri, na bado kuna wanaowaona kuwa wageni.
(c) Uongozi. Mwekevu, mwanamke, anashinda uchaguzi, na wapo wasiokubali.

Geuza kila jambo liwe swali. Usitafute "ukimbizi", kwani utazama katika bahari ya habari. Tafuta: "Wakimbizi wa ndani nchini Kenya mwaka wa 2008 walikuwa wangapi, na walihesabiwaje?" Swali bora huwa limeshapunguza nusu ya kazi.

2. Zijue ngazi za vyanzo

Vyanzo si sawa. Vipange katika ngazi tatu:

Ngazi ya kwanza ni chanzo asilia: sheria, mkataba, ripoti ya tume, takwimu za sensa, barua ya wakati ule, au maneno ya mtu aliyeshuhudia.
Ngazi ya pili ni uchambuzi: kitabu au makala ya mtaalamu aliyesoma vyanzo asilia na kueleza alivipata wapi.
Ngazi ya tatu ni muhtasari: Wikipedia, miongozo, ikiwemo huu unaousoma, pamoja na majibu ya programu za akili unde.

Muhtasari una kazi yake. Unakupa majina, tarehe na istilahi za kuanzia. Hata hivyo, usiishie hapo. Kila unapopata jambo katika ngazi ya tatu, panda nalo hadi ya pili au ya kwanza. Lisipopatikana huko juu, liache.

3. Mfano wa kwanza: takwimu mbili zinazogongana

Turudi kwa idadi ya waliofurushwa. Wanafunzi wengi huchagua takwimu kubwa kwa sababu inashtua, au hutafuta wastani. Njia zote mbili ni makosa. Uliza: nani alihesabu, na alimhesabu nani?

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitoa ripoti yake mwezi Oktoba 2008. Ilisema watu 1,133 walikufa na takriban 350,000 walifurushwa. Serikali ilitumia baadaye takwimu inayozidi 600,000. Tofauti inatokana na nini? Hesabu ya serikali ilijumuisha waliokuwa kambini, pamoja na wengine zaidi ya 300,000 waliokimbilia kwa jamaa na marafiki bila kuingia kambini.

Tazama faida ya uchunguzi huu. Si tu kwamba sasa unajua uandike nini. Umepata pia jambo la kusema kuhusu riwaya: mkimbizi haonekani kambini pekee. Ukiisoma tena sasa, utawaangalia kwa jicho jipya wahusika wanaopewa hifadhi na wengine.

4. Mfano wa pili: tarehe inayofichua kosa

Chozi la Heri haijawekwa Kajiado. Hata hivyo, riwaya inapogusia ardhi na wakoloni, una mfano halisi chini ya miguu yako. Mnamo Agosti 1904 Waingereza waliwekeana mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana. Wamaasai wengi waliondolewa katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Baadhi walipelekwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ahadi hiyo haikufika hata miaka saba. Mkataba wa pili, wa Aprili 1911, uliwaondoa wa Laikipia na kuwapeleka katika eneo la kusini, ambalo Kajiado ya leo ni sehemu yake. Baadhi ya Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walishtaki serikali. Mwaka wa 1913 mahakama ilikataa kesi yao.

Sasa tuseme umesoma mahali kwamba "Olonana alitia saini mikataba yote miwili." Sentensi inapendeza, na huenda imenakiliwa mara nyingi. Lakini Olonana alifariki Machi 1911, mwezi mmoja kabla ya mkataba wa pili. Maiti haitii saini. Aliyeandika hivyo hakuutazama mkataba wenyewe, na kwa hiyo uwe mwangalifu na mengine anayoyasema.

Zingatia: kupanga tarehe kwenye mstari mmoja, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, ni jaribio rahisi ambalo halihitaji intaneti wala pesa.

5. Mzee ni chanzo, naye pia hupimwa

Jirani mzee wa Kitengela anaweza kukueleza jinsi ranchi za vikundi zilivyogawanywa, na jinsi nyua zilivyofunga njia za ng'ombe na za wanyama pori waliokuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mengi ya hayo huwezi kuyapata katika maktaba yoyote. Nenda kwake kwa adabu. Msalimie inavyostahili, mweleze shabaha yako, mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, na umuulize kama angependa jina lake litajwe.

Kisha tenga mambo mawili. Aliyoyaona kwa macho yake ni ushahidi wake. Aliyoyasikia kwa wengine ni habari inayohitaji kuthibitishwa. Akisema ranchi hizo zilianzishwa kwa sheria "zamani za Kenyatta", itafute sheria hiyo: ni ya mwaka wa 1968, nayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Hapo maneno ya mzee na maandishi yanashikana mkono.

6. Utafute wapi?

• Sheria na hukumu za mahakama: tovuti ya Kenya Law. Kuzisoma hakuna malipo.
• Sensa: ripoti za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS.
• Nyaraka za ukoloni: Makavazi ya Kitaifa, Barabara ya Moi, Nairobi. Ni safari ya matatu kutoka Kitengela.
• Dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi: ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013.
• Vitabu: maktaba ya shule na maktaba za umma za KNLS. Mwombe mkutubi akusaidie, kwani hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa kila chanzo andika papo hapo: mwandishi, mwaka, kichwa, ukurasa. Usiseme utakumbuka. Ukichukua maneno ya mtu bila kumtaja huo ni wizi wa kitaaluma, na chuoni mtu anaweza kufukuzwa kwa ajili yake.

7. Usuli ni mtumishi wa matini

Hapa ndipo wengi huteleza. Linganisha aya hizi mbili:

Aya A: "Riwaya hii ni historia ya uchaguzi wa Kenya wa 2007. Mwekevu ni mgombea fulani aliyebadilishwa jina."

Aya B: "Masaibu ya Ridhaa yanakumbusha vurugu za Kenya za 2007 na 2008 ambapo, kwa mujibu wa Tume ya Waki, watu 1,133 walikufa. Hata hivyo, nchi ya riwaya ni ya kubuni, na mzozo wake unachochewa pia na kukataliwa kwa kiongozi mwanamke. Mwandishi hanakili historia. Anaitumia kuikosoa jamii."

Aya A imegeuza fasihi kuwa gazeti, tena haina ushahidi. Aya B imetaja chanzo, imeonyesha kufanana, kisha ikaonyesha tofauti. Tofauti hiyo ndiyo inayotufunulia lengo la mwandishi.

Tanbihi: katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, majibu yako yatoke kitabuni. Usuli utakusaidia kuelewa dondoo. Usiujaze katika nafasi ya hoja. Katika kazi ya utafiti ndipo utauandika waziwazi.

Mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya chanzo asilia na muhtasari. Toa mfano mmoja wa kila kimoja.
2. Chagua jambo moja la kihistoria lililotajwa katika Chozi la Heri. Ligeuze liwe swali la utafiti lisilozidi maneno kumi na tano.
3. Katika kundi la WhatsApp kuna ujumbe usiotaja mwandishi wala mwaka, unaoeleza chanzo cha vurugu za 2008. Taja maswali manne utakayojiuliza kabla ya kuutumia.
4. Mhoji mzee mmoja wa mtaa wenu kuhusu mabadiliko ya umiliki wa ardhi. Panga majibu yake katika safu mbili: aliyoyaona na aliyoyasikia. Thibitisha jambo moja la safu ya pili kwa maandishi.
5. Andika aya moja ya maneno mia moja kwa kufuata mfano wa Aya B, ukihusisha suala la ardhi riwayani na historia ya eneo unaloishi. Onyesha wapi yanafanana na wapi yanatofautiana.

Ukimaliza, badilishana daftari na mwenzako. Mwombe aweke alama ya kuuliza kando ya kila sentensi ambayo hawezi kuona umeitoa wapi. Jibu kila alama kabla ya kumkabidhi mwalimu.