Pigo la Kichwa: Fundisho la Bingwa Kalambay



Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alipata ubingwa wa dunia wa ngumi mwaka 1987. Mwaka 1989, kule Las Vegas, Michael Nunn alimwangusha kwa pigo moja, raundi ya kwanza. Aliacha mashindano 1993, akawa mwalimu wa ngumi Italia.

Mwalimu mwema hamrudishi ulingoni kijana aliyezimia. Kazini, kapita afanye vilevile. Ubongo huumia ndani, pasipo kidonda. Jiwe likikupiga kichwani, hata ukiwa na kofia ya kazi:

1. Acha kazi siku hiyo.
2. Fika dispanseri, hata kama hakuna damu.
3. Mama, mume akitapika, akichanganya maneno au akiwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali usiku uleule. Usingoje asubuhi.