Hija, Likizo na Amri ya Tano

Baba mmoja wa familia, mkaaji wa mji wa Same, ametuletea barua ndefu yenye swali fupi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 yeye na mkewe walikuwa wamekwisha weka akiba ya kwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, na kutoka huko kuwapeleka watoto Entebbe wapumzike siku chache kando ya ziwa. Tarehe 30 Januari Serikali ya Uganda ikatangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeonekana Kampala. Nyumba ikagawanyika. Baba akasema: mpaka haukufungwa, tena tunakwenda hija, twende. Mama akasema: na bibi je? Maana mama yake mzazi, aliyepita miaka themanini, anakaa Chome mlimani, na kila watokapo safari hupanda kumsalimu. Tarehe 26 Aprili ugonjwa ukatangazwa kuwa umekwisha. Wakaenda, wakarudi salama. “Lakini,” aandika ndugu yetu, “ubishi haujakwisha. Maradhi yakitangazwa tena, tuamueje?”

Swali hili si la nyumba moja. Waamini wa Bukoba, wa Mwanza, wa Moshi na wa Dar es Salaam hufunga safari hiyo kila mwaka, na wengine hutafuta mapumziko mbali zaidi. Basi tulichunguze pamoja, kama somo.

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Kupumzika si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliwaita mitume wake kando, mahali pa faragha, wapate kupumzika, maana hawakuwa na nafasi hata ya kula. Baba atumikaye mwaka mzima, kisha akawaonyesha watoto wake ziwa, amefanya jambo jema. Wako Wakristu wanaodhani kwamba safari ya furaha yapaswa kuvikwa kanzu ya hija ili iwe halali. Sisi hatuoni haja hiyo. Likizo na iitwe likizo.

Lakini kuna mema yasiyongoja, na kuna mema yangojayo. Kumzika mzazi hakungoji. Kumpeleka mgonjwa akapasuliwe hakungoji. Mapumziko hungoja, na hija nayo hungoja. Walimu wa maadili hufundisha kwamba tendo jema lenye hatari ndani yake laweza kufanywa iwapo nia ni njema, iwapo baya halitafutwi wala halitumiwi kama njia ya kupata jema, na iwapo sababu ya kulitenda ina uzito ulingao na hatari yenyewe. Kwa habari ya likizo, masharti ya kwanza hayana shida. Nani asafiriye akitaka kuwaambukiza wenzake? Shida yote imo katika lile la mwisho. Na watu hukosea mizani kwa sababu huweka hatari ya mtu mmoja tu, yaani ya msafiri mwenyewe. Huuliza: “Je, nitaugua?” Kijana mwenye afya hujijibu kwamba huenda asiugue, na akiugua atapona. Kisha hukata tiketi.

Watu wa Upare wanalo jambo la kutufundisha hapa. Kwa wasomaji wasioijua nchi ile: mji wa Same uko bondeni, kwenye ukame, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha; juu yake yainuka milima yenye misitu na chemchemi, ambayo kilele chake, Shengena, chapita mita 2,400. Tangu zamani Wapare wamechimba mifereji na kujenga mabwawa madogo waitayo ndiva. Maji hukusanywa katika ndiva, kisha hufunguliwa kwa zamu yashuke mashambani, nayo mifereji husafishwa na wote kwa msaragambo. Mwenye shamba la juu huyapata maji kwanza. Akiruhusu ng'ombe wake wakanyage mfereji, yeye hanywi tope lile. Hulinywa aliye chini, ambaye hakuwapo wala hakuulizwa. Ndiyo maana hakuna awezaye kujitetea kwa kusema kwamba maji ni yake na ng'ombe ni wake.

Maradhi ya kuambukiza huenda vivyo hivyo, ila kwa Same huenda yakipanda. Msafiri hushuka stendi, hupumzika usiku mmoja, kisha hupakia mizigo juu ya gari la mlimani na kupanda kwa kona nyingi hadi kwa wazee. Anachokichukua chaweza kumpitia yeye pasipo dalili, kikamwangusha aliyemletea zawadi. Na mzee akizidiwa kule juu wakati wa mvua, kumshusha bondeni ni kazi ya wanaume wengi na saa nyingi. Hewa ya oksijeni haipatikani kila zahanati.

Tuliyaona haya. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa huko Arusha: msafiri aliyerudi kwa ndege kutoka Ubelgiji. Hatumlaumu hata kidogo. Angeweza kuwa yeyote kati yetu, na siku zile wachache walijua la kufanya. Twataja tu njia ambayo ugonjwa ulipitia. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2021, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili hivi mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Wengi wetu tulikuwa na majina ya kutaja katika Misa za wafu za Kwaresima ile.

Baba wa Same asema: mpaka haukufungwa. Twaiheshimu sheria, na akatazwaye na sheria ya afya asivuke kwa njia za panya. Lakini mpaka kuwa wazi hakumalizi swali la dhamiri. Mwaka 2020 anga yetu ilifungwa kwa ndege za abiria kutoka ng'ambo katikati ya Aprili, ikafunguliwa tarehe 18 Mei. Kenya nayo ilifunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei, isipokuwa kwa mizigo. Yaani katika siku mbili jirani mmoja alifunga mlango na mwingine akaufungua! Serikali ina mengi ya kupima: biashara, watalii, mishahara ya watu, uhusiano na majirani. Haimjui bibi wa Chome. Wewe wamjua.

Asema pia: tena tunakwenda hija. Hapa hatuna budi kusema kwa ukali kidogo, maana tumesikia neno hili hata kutoka kwa watu wenye elimu: aendaye kwa Mungu hapatwi na baya. Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Mahali palikuwa patakatifu, na maneno yaliyotumiwa yalikuwa ya Zaburi. Kristu alikataa. Kumjaribu Mungu mahali patakatifu ni kumjaribu tu. Na wachungaji wa Uganda wenyewe walituonyesha njia: mwaka 2020 hija ya Namugongo haikufanywa kwa umati kama ilivyo desturi, watu wakafuata Misa wakiwa nyumbani kwao; mwaka 2021 waliruhusiwa waalikwa wachache; mwaka 2022 ikarudi. Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake hawakupungukiwa na heshima kwa sababu ya miaka ile miwili. Mwezi Machi 2020 Kanisa lilitoa pia rehema kamili, kwa masharti yake ya kawaida, kwa wagonjwa wa korona, kwa waliowekwa karantini na kwa wale waliowauguza. Aliyeketi ndani ili asiambukize wengine hakuhesabiwa kuwa ameikimbia neema.

Kuna kijiji cha Wakatoliki katika milima ya Bavaria, Ujerumani, kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633 tauni ilikuwa imezagaa nchi za jirani, nao wanakijiji wakaweka walinzi njiani. Mapokeo yao yasimulia kwamba mtu mmoja, Kaspar Schisler, aliyekuwa kibarua kijiji kingine, alitamani kuwa na mke na watoto wake siku ya sikukuu ya kanisa lao. Akawakwepa walinzi usiku, akaingia nyumbani. Baada ya siku chache alikuwa maiti, na katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 80 wakafa. Tumfikiri mtu huyu. Hakuwa mwizi wala mlevi. Alikuwa baba aliyewakumbuka watoto wake siku ya sikukuu, kama vile maelfu yetu tunavyokumbuka kwetu mwezi wa Desemba, mabasi yanapojaa kuelekea Kilimanjaro. Upendo wake haukumpungukia kitu isipokuwa subira.

Kijiji kile kiliweka nadhiri kuigiza Mateso ya Bwana kila mwaka wa kumi iwapo kitaokolewa, na kimeitimiza tangu 1634. Zamu ya mwaka 2020 ilipofika, korona ilikuwa imeingia Ulaya. Wakaiahirisha hadi 2022. Nadhiri iliyozaliwa na tauni ilingoja miaka miwili kwa sababu ya maradhi mengine, na hatudhani kwamba Mungu aliwahesabia kosa.

Je, tunasema basi kila tangazo la ugonjwa livunje kila safari? La, hasha. Hofu nayo ina dhambi zake. Tumeona wasafiri wakitengwa na kutukanwa kwa sababu tu wametoka mkoa fulani. Yapasa kujua ni ugonjwa gani. Korona huenezwa kwa pumzi, na mtu aweza kuwaambukiza wenzake siku mbili kabla ya kuona dalili, au asione dalili kamwe. Basi lenye madirisha yaliyofungwa kutoka Namanga hadi Kampala lawatosha wote. Ebola na Marburg si hivyo. Huenezwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti, na asiye na dalili haambukizi. Kwa hiyo wakati wa Marburg ya Kagera mwaka 2023, na ile ya Biharamulo mwaka 2025, hatari kubwa haikuwa kwa abiria wa kawaida bali kwa wauguzi na kwa ndugu wenye kuosha maiti. Aliyefuta safari ya Juni mwezi Februari 2025 hakutenda dhambi, lakini alifanya haraka. Ingetosha kungoja hadi Mei, na kutolipa mapema fedha isiyorudishwa.

Chanjo nayo iingie katika hesabu, mahali ipatikanapo. Kuhusu tangawizi, tuseme kwa heshima zote kwa wakulima wa Mamba, ambao yao husifiwa kote: mwaka 2020 nchi nzima iliichemsha pamoja na malimau, na kifua kilipata faraja. Haimzuii mtu kuambukiza.

Sasa tumjibu ndugu yetu kwa wazi. Anapohesabu siku za safari, asihesabu hadi stendi ya Same. Ahesabu hadi siku atakayoweza kumsalimu bibi pasipo hatari. Kwa Ebola siku za kungoja ni 21 tangu siku ya mwisho ambapo mtu yamkini alikutana na ugonjwa. Kwa korona, wakati ule wa mwanzo, zilihesabiwa 14. Ikiwa ugonjwa ni wa namna ya kuenea kwa pumzi na umewaka kule waendako, basi likizo ya siku kumi ni likizo ya siku ishirini na nne. Familia iwezayo kukaa bondeni siku zote hizo, ikampigia bibi simu na kumpelekea unga na sukari kwa mkono wa mtu mwingine, yaweza kufikiri kwenda. Isiyoweza, kwa sababu bibi ndiye alindaye watoto, au kwa sababu mama huuza sokoni kila gulio, haijapata bado nauli kamili ya safari hiyo, hata kama fedha ya basi imo mfukoni.

Na bibi mwenyewe aulizwe. Katika barua nzima hatukuona mahali alipoulizwa. Huenda akasema, “Nendeni, nitangoja”, huenda akasema, “Njoni kwanza mnione, mwaka ujao mtakwenda.” Mtoto hamwamulii mzazi wake hatari ya kufa kwa kunyamaza.

Limebaki jambo la nadhiri, maana wako wasomaji waliomwahidi Mungu kwenda Namugongo kwa sababu ya mtoto aliyepona au kazi iliyopatikana, nao huona kwamba kuahirisha ni kumdanganya Mungu. Sheria ya Kanisa yasema nadhiri ni ahadi ya jambo jema liwezekanalo na lililo bora. Likiisha kubadilika kabisa lile lililoahidiwa, nadhiri hukoma. Mwenye nadhiri ya binafsi aweza hata yeye mwenyewe kuibadili kwa jambo lenye wema ulio sawa au ulio mkubwa zaidi. Paroko naye ana mamlaka ya kumfungua kwa sababu ya haki, mradi haki za wengine zisiumizwe, au kumpa tendo lililo jepesi zaidi badala yake: kwa mfano, kwenda kwa miguu hadi kanisa la parokia tarehe 3 Juni, kuungama na kupokea Ekaristi Takatifu, na kumlipia mgonjwa maskini gharama ya dawa. Aende kwa paroko wake kabla ya kulipa nauli.