Tujifunze Sheria: Shamba la Holaria na Ibara ya 13

Katika vikao vya vijijini hapa Mpanda lipo swali linalorudi kila tunapogusa mambo ya ardhi: baba akifariki, au mume akifariki, shamba linabaki la nani? Mara nyingi wazee wa ukoo hulijibu kabla muulizaji hajakaa chini. Katika toleo hili tunaweka kando kidogo habari za visima na mbegu, tuone Katiba ya nchi na hukumu za mahakama zimelijibu vipi.

Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki za raia. Viongozi wa wakati ule walihofia kwamba haki hizo zingewapa majaji nafasi ya kukwamisha mipango ya serikali changa. Wamarekani, walioandika Katiba yao mwaka 1787, waliongeza haki za raia mwaka 1791. Sisi tulisubiri hadi 1984, Katiba yetu ya 1977 iliporekebishwa. Hata hapo Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, hivyo mwananchi hakuweza kuzidai haki hizo mahakamani hadi Machi 1988. Muhimu kwa somo letu ni Ibara ya 13, inayosema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inayokataza ubaguzi.

Miezi mitano tu baada ya mlango huo kufunguliwa, mkoani Kagera, mama mmoja Mhaya, Holaria Pastory, aliuza shamba. Shamba hilo la ukoo aliachiwa na baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza, ndipo Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephraim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe kudai kwamba mauzo ni batili, kwa kuwa mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Hakujitungia hoja hiyo. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake.

Holaria alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akashinda. Bernardo naye akaenda Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu. Alisema kanuni ile inapingana na Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia. Tangu hapo isomwe kwamba wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Hata hivyo hakuwapuuza wanaukoo: aliwapa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Tunaiona hukumu hii kuwa ya busara, maana haikuvunja ukoo. Iliwapa tu wanawake mamlaka ambayo wanaume walikuwa nayo na wao walinyimwa. (Neno "jinsia" lenyewe liliongezwa katika Ibara ya 13 mwaka 2000 tu. Jaji huyu hakulisubiri.)

Laiti habari ingeishia hapo. Miaka kadhaa baadaye wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, mafundi cherehani, walitolewa katika nyumba walizoishi na waume zao. Tunawataja kwa sababu kaya nyingi za Kisukuma zimehamia Katavi na mifugo yao, na zimekuja na mila zao pia. Kwa kanuni zile zile za 1963, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Hutegemea kutunzwa na watoto wake. Wajane hawa walifungua shauri Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta, ikiona kwamba kubadili mila ni kazi ya halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zao.

Katiba ni ile ile na mahakama ni ya ngazi ile ile, lakini majibu ni mawili. Ndiyo maana hatupendi kuwaambia akina mama wetu "sheria ipo" kisha tukaondoka. Anayetaka kudai haki yake anahitaji nyaraka zilizokamilika na mtu wa kumsaidia kuziandaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria kwa kazi hiyo.

Kwa ardhi ya kijiji tuna nguvu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Inataka pia baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Lakini sheria hiyo ni ya ardhi tu, haigusi ng'ombe wala cherehani aliyoiacha marehemu.

Kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa, ya 2016 na 2019, inatugusa sana hapa Katavi na inastahili somo lake.

Kabla ya kikao kijacho, tunaomba kila kamati ya parokia imwendee mtendaji wa kijiji chake na kumwuliza mambo mawili. Je, katika baraza la ardhi wapo wanawake wangapi, na huhudhuria kweli? Na katika hati za hakimiliki za kimila zilizokwisha kutolewa, ni ngapi zenye majina ya mume na mke pamoja? Leteni majibu yakiwa yameandikwa.