Karatasi ya Mandazi na Kioo Kisichohitaji Taa

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mbona juani simu haisomeki, lakini kalkuleta inasomeka vizuri tu? Ni kwa sababu simu nyingi hutoa nuru yake zenyewe, na jua huimeza. Kalkuleta haina taa. Huazima nuru ya jua lenyewe, ndiyo maana haimalizi betri upesi.

Ndani ya kalkuleta mna fuwele oevu. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alipasha moto kemikali yenye asili ya karoti. Kwenye nyuzi 145.5 iliyeyuka ikawa kama maziwa. Kwenye nyuzi 178.5 ikawa angavu. Ule umaziwa ndio fuwele oevu: hutiririka kama maji, lakini molekuli zake zimejipanga.

Hata hivyo, kalkuleta ina vichujio viwili vinavyokula zaidi ya nusu ya nuru. Basi uso wake ni wa kijivu, si mweupe. Mwaka 1986 J. William Doane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, walieleza njia isiyohitaji vichujio: matone madogo sana ya fuwele oevu ndani ya filamu ya polima, yaani plastiki.

Ili kuielewa, chukua karatasi iliyofungiwa mandazi. Karatasi kavu ni nyeupe kwa kuwa nuru hutawanyika kati ya nyuzi zake na hewa. Mafuta yakiingia mahali pa hewa, hupinda nuru karibu sawa na nyuzi. Nuru inapenya, na doa linaonyesha kidole chako upande wa pili!

Filamu nayo ni hivyo hivyo. Bila umeme, molekuli za kila tone huelekea upande wake. Nuru hutawanyika, filamu ni nyeupe. Ukiweka umeme, zote huelekea upande mmoja, na matone hupinda nuru sawa na plastiki. Filamu inakuwa angavu. Nyuma yake ukiweka weusi, unapata herufi nyeusi juu ya weupe.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Filamu hizi kwa kawaida hutaka makumi ya volti, ilhali kalkuleta nyingi hutosheka na betri ya volti 1.5. Kwa hivyo utazikuta zaidi kwenye vioo vya ofisi vinavyogeuka kutoka weupe hadi uangavu.

Wenzangu, wako wanaosema sayansi haielezeki kwa Kiswahili. Waonyesheni karatasi ya mandazi!