Malungu ya Ufipa: hamna dhahabu humo

*Je, ni kweli Wajerumani walificha dhahabu chini ya ilungu?* (Barua nne: Namanyere, Laela, Kate, na moja isiyo na jina)

Nawajibu wote wanne kwa pamoja, maana inaelekea mmemsikiliza mganga mmoja. Hamna. Ilungu si mnara wa Mjerumani wala kaburi la mtemi. Ni tanuri la kuyeyushia chuma, walilolijenga Wafipa wenyewe kwa udongo wa kichuguu, na mengine hufika mita 3. Mnaotaka ya Mjerumani, shukeni Kasanga, alikokuita Bismarckburg, mkatazame boma lake.

Inameni mtazame chini ya ilungu. Matundu yale ya kuzunguka yalitiwa mirija ya udongo. Hewa ya moto ikipanda juu, ya baridi inavutwa kutoka chini, moto unajipuliza wenyewe. Hakuna aliyeshika mivukuto. Ndiyo maana likawa refu. Ingizeni mkono: ukuta wa ndani umeiva kama tofali, na mahali pengine una ganda jeusi linalong'aa kama kioo. Kilichotoka humo hakikuwa hata chuma cha kumimina, bali bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kabla ya mhunzi kulifua likawa jembe.

Ndiyo, kuna kitu kilifukiwa sakafuni: dawa za fundi, magome na mizizi. Zimeoza zamani. Mwaka jana niliingia kwenye ilungu lililochimbwa sakafu hadi usawa wa kiuno. Ndani ya shimo nilikuta betri mbili za tochi na pakiti tupu ya sigara. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umekwisha kulala.

*Mawe meusi mazito shambani kwangu ni vimondo?*

Mavi ya chuma. Yaache hapo hapo.

*Udongo wa ilungu unafaa kukandika nyumba?*

Kwani vichuguu vimekwisha Ufipa?

*Mbona Serikali haiyalindi malungu?*

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo linangoja tangazo la waziri, na malungu yaliwashwa hadi karne ya 20. Hapo ndipo tulipozembea. Huko Cornwall, Uingereza, nyumba za mitambo za migodi ya shaba na bati, nyingi zimebaki kuta na bomba la moshi tu, ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kwetu, Profesa Bertram Mapunda ameutafiti uhunzi wa Ufipa miaka mingi, na bado mtoto wa Nkasi anamaliza shule akidhani ilungu ni kazi ya mzungu.

*Nina moja shambani. Nifanye nini?*

Fyeka nyasi pembeni kabla ya moto wa kiangazi. Mche ulioota ukutani ukate, usiung'oe, mizizi itaondoka na udongo. Mbuzi wafunge kwingine. Kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji aliandike. Picha nitumie, mganga usimlete.